Wali Uliopima Ubongo

Wananchi wote wa Kibiti na vijiji vya jirani wanatangaziwa kwamba unene sasa una kamati.

Ndivyo lilivyoanza tangazo tulilobandika kwenye mlango wa ghala la zamani la ushirika, mwezi wa Novemba, mwaka mmoja baada ya mvua za Elnino kusomba mpunga wa bonde zima. Nililiandika mimi, nikiwa Katibu wa Kamati ya Kudhibiti Unene kwa Njia ya Ubongo. Aya ya pili iliwataka wananchi wawe watulivu. Walikuwa watulivu. Mtu aliyekosa mavuno hana nguvu ya kufanya fujo.

Wapo waliouliza kwa nini unene, na kwa nini Kibiti. Jibu lilikuwa wazi. Mfadhili mmoja wa nje alikuwa na fungu la kutibu unene, na alitaka kulitumia kabla halijarudi lilikotoka. Kwao wanene ni wengi, lakini wanajua haki zao. Sisi nchi yetu ilikuwa imefungua milango: mitumba imeingia, soda za makopo zimeingia, vyama vya siasa vimeingia. Isingekuwa busara kuufungia mlango unene peke yake.

Nadharia yenyewe ni safi, na sijaona hadi leo kosa ndani yake. Watu wawili wanene hawanenepi kwa sababu moja. Mmoja hula kwa sababu ana njaa. Mwingine ameshiba, lakini akinusa chakula ubongo wake hupiga kelele kama hajala tangu juzi. Ukizipima kelele hizo, unajua yupi apewe tiba ipi. Badala ya kuwaambia wote wapunguze kula, kila ubongo unapata tiba yake. Kundi la Kwanza watembee. Kundi la Pili wapunguze mlo. Kundi la Tatu, wenye ubongo wa kelele nyingi, watenganishwe na chakula.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Ndugu Swalehe, mtu mwenye mwili. Alipoketi, kiti kilitoa taarifa. Katika kikao cha kwanza tulikubaliana kwamba unene wa kiongozi ni sehemu ya mapokezi ya wageni na hauwezi kuhesabiwa kuwa ugonjwa.

Ugumu ulikuwa kupata wagonjwa. Tuliviandikia vijiji vilete wanene wao. Umwe walimleta Bwana Abdulatifu, ambaye kilichonenepa kwake ni shavu moja, kwa ajili ya jino. Mtawanya walituletea mwali aliyetoka ndani wiki ileile. Alikuwa amelishwa akanenepa kama mila inavyotaka, na bibi yake alikuja naye akidhani ni mashindano.

"Wa kwanza anapata nini?" bibi aliniuliza.

"Wa kwanza anapunguzwa," nilimwambia.

Bibi alimfunika mjukuu wake kanga ya pili na wakaondoka bila kuaga.

Barua ya Mloka ilikuwa fupi. Walisema mnene pekee wanayemfahamu ni kiboko anayepanda kutoka mtoni kula mahindi yao, na wangefurahi Kamati ikija kumtibu, ikiwezekana kwa bunduki. Tuliwajibu kwamba kiboko yuko chini ya wizara nyingine.

Mwishowe tuliandikisha wanene wa zamani, yaani watu ambao majirani walithibitisha kwamba kabla ya mafuriko walikuwa na matumbo. Mnene wa wakati huo, mnene kamili asiyehitaji shahidi, alikuwa mmoja tu. Naye ni Zamda, mama ntilie wa stendi.

Zamda alikuwa mjane. Watoto wake walikuwa wanasoma kwa sufuria ile, na kila mtu pale stendi alijua kwamba siku sufuria ikipoa nao watarudi nyumbani. Alipoitwa kuandikishwa alikuja na mwiko mkononi.

"Mwili huu ndio kibao changu cha biashara," aliniambia. "Msafiri akishuka gari hasomi. Ananiangalia mie. Nani atakula kwa mpishi mkondefu? Atasema kama mwenyewe hakili, basi kina nini?"

Niliandika: mgonjwa hana ufahamu wa ugonjwa wake.

Mtaalamu wa mashine alikuwa Dokta Dharmesh. Alizaliwa hapahapa Kibiti, nyuma ya duka la baba yake, akaenda kusoma ng'ambo na kurudi na mashine ndani ya sanduku la bati. Ilikuwa na kofia yenye nyaya, na kalamu nyembamba zilizochora mawimbi ya ubongo juu ya karatasi iliyokuwa ikitembea yenyewe. Kijana alikuwa na elimu, lakini hakuwa na uzoefu wa vikao. Hilo lilionekana tulipopanga tarehe.

"Mwenyekiti, tarehe hizi zote ni Ramadhani," alisema.

"Tunajua. Sisi ndio tunaofunga."

"Mashine hii hupima mtu aliyeshiba. Utaratibu unasema ale kwanza, kisha anusishwe chakula. Mtu mwenye njaa akinusa wali, ubongo wake lazima upande. Huo si ugonjwa. Tungoje Idi ipite."

"Mwaka wa fedha wa mfadhili unaisha na Desemba."

"Basi mtapima njaa, hamtapima unene."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Daktari, funga ni ibada. Ibada iko moyoni. Mashine yako inapima ubongo. Unataka kuniambia moyo na ubongo viko wizara moja?"

Dokta Dharmesh aliinama akaanza kuzikunja nyaya zake. Niliandika kwenye muhtasari kwamba alikubali.

Shehe Abdalah wa msikiti wetu naye aliulizwa kama kunusa chakula hufunguza saumu. Alisema kunusa hakufunguzi, ila kumnusisha mwenzio kwa makusudi kutaulizwa siku nyingine, wala si na kamati.

Baada ya hapo Mwenyekiti aliongeza kifungu chake mwenyewe kwenye Mwongozo. Kwa kuwa watapimwa wakiwa na njaa, alisema, ubongo mzima utaitikia. Mtumishi wa umma ambaye ubongo wake hauitikii chakula hali amefunga, ubongo huo una hitilafu, na mwenyewe apumzishwe kazi kwa manufaa ya umma. Serikali wakati huo ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na kila ofisi ilitakiwa ichangie mtu. Mwenyekiti alikuwa anamfikiria karani wetu Maimuna, mwanamke mwembamba ambaye kila akikaribishwa chakula husema hana njaa.

Kilichohitajika sasa ni chakula cha kunusisha. Mwongozo ulikiita Kichocheo Sanifu: wali wa nazi wa mpunga wa Rufiji, na kamba wa Delta waliokaangwa kwa vitunguu. Mpishi pekee aliyeweza kukitoa kikiwa kilekile kila siku alikuwa Zamda. Tukampa kazi. Alipouliza atapikaje mchana wa Ramadhani mbele za watu, tulimfafanulia kwamba wali ule si chakula, ni kifaa.

"Kifaa nikitie chumvi?" aliuliza.

Lazima nieleze pazia. Hapa kwetu mwezi wa Ramadhani mama ntilie hafungi kibanda; hutundika pazia. Nyuma ya pazia hula msafiri, mgonjwa, na asiye Mwislamu, na mpita njia haoni kitu wala hataki kuona. Mama ntilie hasemi nani aliingia. Desturi hiyo ni ya kale kuliko Kamati. Lakini Mwenyekiti alihofia kwamba wapo wazima wanaojificha humo, na katika hotuba yake ya mkesha wa mwandamo aliahidi mbele ya msikiti kuwafichua. Kila siku adhuhuri alikwenda mwenyewe kukagua nyuma ya pazia la Zamda. Ukaguzi ulichukua muda kama wa mtu anayekula sahani mbili. Alitoka akifuta midomo, kwa sababu ya vumbi la stendi. Wakati wote wa mwezi ule hakumkamata mtu hata mmoja, jambo linaloonyesha jinsi ukaguzi ulivyofanya kazi.

Upimaji ulianza alasiri, saa ambazo mate yamekwisha na magharibi bado iko mbali. Jenereta liliwashwa. Abdulatifu wa Umwe alivishwa kofia, Zamda akapitisha sahani chini ya pua yake, na kalamu zote ziliruka hadi ukingoni mwa karatasi.

"Unahisi nini?" Dokta Dharmesh alimuuliza.

"Namhisi marehemu mama yangu," alisema Abdulatifu.

Kwa waliofuata ilikuwa hivyohivyo. Mwanamke mmoja alimshika Zamda mkono akagoma kuuachia mpaka jenereta lilipozimwa. Maimuna naye alipimwa, na kalamu zake zilipanda sawa na za Abdulatifu. Mwenyekiti alihuzunika.

"Si husema huna njaa?" alimuuliza.

"Nasema hivyo kwa sababu sina cha kula, Mwenyekiti. Nikisema ninayo itanisaidia nini?"

Zamda alipimwa wa mwisho. Alijipitishia sahani mwenyewe, kama sheria ya kifaa inavyotaka, na mawimbi yake yalikuwa makubwa sawa na ya wenzake. Dokta Dharmesh aliikunja karatasi akasema kwa sauti ndogo kwamba ameona watu wenye njaa, basi.

Kamati iliona zaidi. Kwa mujibu wa Mwongozo wote walikuwa Kundi la Tatu, na Kundi la Tatu hutenganishwa na chakula. Wanene wa zamani walikuwa wameshatenganishwa nacho na mafuriko, kwa hiyo amri kwao isingeongeza kitu. Aliyebaki karibu na chakula ni Zamda peke yake. Tiba yake binafsi ilipatikana pale pale: kibanda chake kifungwe moja kwa moja. Mwenyekiti alipiga mhuri, nami niliisoma amri mbele ya stendi. Kazi ya Kichocheo Sanifu ataendelea nayo mpaka upimaji uishe, kwa kuwa ile si biashara ya chakula.

Zamda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimgeukia Dokta Dharmesh.

"Wewe Dharmesh. Nimekuuzia vitumbua ukienda shule, kaptula inakuvuka. Nambie. Mie mgonjwa?"

"Hapana, mama."

"Basi wananifungia nini?"

"Ubongo wako unasikia harufu ya wali, mama. Wamesema usikie kidogo."

Amri ilitekelezwa. Meza zilipinduliwa, benchi likafungwa mnyororo. Pazia liliachwa kwa sababu halikutajwa kwenye amri. Mwenyekiti hakulegea. Aliniambia kwamba kibanda kilichofungwa kinahitaji ukaguzi kuliko kilicho wazi, na aliendelea kwenda kila adhuhuri, sasa kwa mlango wa nyuma.

Mwongozo unatoa haki ya rufaa, na Zamda aliitumia. Alikuja ofisini amevaa baibui lake la Ijumaa, na nusu ya stendi ikamfuata.

"Sina maneno mengi," alisema. "Nipimeni na mtu mwingine mwenye mwili kama mie, aliyefunga kama mie. Mawimbi yake yakipanda kama yangu, basi hiyo ni njaa, si maradhi, na kibanda changu mnifungulie. Yasipopanda, mie nitakubali kuwa mgonjwa na sufuria nitawaletea hapa mezani."

Ombi lilikuwa la kisayansi, na sikuona kifungu cha kulikataa. Tatizo lilikuwa mtu mwenye mwili. Watu waliangalia huku na huku, kisha wote wakaangalia sehemu moja. Kiti cha Mwenyekiti kilitoa taarifa.

"Nitapimwa mimi," alisema Ndugu Swalehe. "Kesho, hadharani. Mtaona tofauti ya mtu anayeutawala ubongo wake."

Kesho yake ghala lilijaa. Shehe Abdalah alikaa mbele. Mwenyekiti alichelewa kidogo kwa sababu ya ukaguzi, kisha akaja, akaketi, akavishwa kofia. Zamda alileta Kichocheo Sanifu. Nakiri kwamba siku ile alikuwa ameongeza nazi. Watu wa nyuma walifumba macho. Abdulatifu alikwenda kusimama nje.

Sahani ilipita chini ya pua ya Mwenyekiti mara ya kwanza. Kalamu hazikusogea. Ikapita mara ya pili, polepole, kamba wakiwa juu. Mstari ulibaki umenyooka. Mara ya tatu Mwenyekiti alipiga mwayo.

"Mmeona?" alisema, akiwageukia watu. "Huu ndio ubongo. Tumbo tupu tangu alfajiri, na umetulia. Bi Zamda, lete sufuria."

Zamda aliweka sahani chini. Watoto wake walikuwa mlangoni, nao walijua neno sufuria lina maana gani.

"Samahani, Mwenyekiti," alisema Dokta Dharmesh. Alikuwa ameinama juu ya karatasi. "Ili niandike vizuri. Umefunga leo?"

"Swali gani hilo?"

"Ni la mashine. Kama umekula, mstari huu ni wa mtu mzima wa afya, tena wewe ndiye mtu pekee tuliyempima kwa mujibu wa utaratibu. Kama umefunga, kifungu ulichoongeza kinasema ubongo wako una hitilafu, na upumzishwe kazi."

Hata jenereta lilisikika kama linasikiliza. Mwenyekiti alinitazama mimi. Nilifungua Mwongozo na kumsomea kifungu chenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi ya Katibu. Lugha yake ilikuwa nzuri sana. Aliitunga mwenyewe.

"Kwa manufaa ya umma?" aliuliza.

"Ndiyo, Mwenyekiti. Kuanzia tarehe ya kipimo."

Jasho lilimtoka chini ya kofia na kalamu zikatikisika kidogo, lakini Dokta Dharmesh alisema hiyo ni hofu, si njaa, mawimbi yake ni mengine.

"Katika kutekeleza majukumu," Mwenyekiti alianza, "kiongozi anaweza akajikuta ameonja. Kwa ajili ya ukaguzi."

"Umeonja wapi?" aliuliza Shehe Abdalah.

"Nilikuwa safarini. Msafiri ameruhusiwa."

"Safari ya kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kutoka ofisini."

"Kwenda?"

"Kwenda kwa Bi Zamda." Alimgeukia Zamda, na kwa mara ya kwanza tangu Kamati iundwe sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Mama, waambie. Leo adhuhuri nilikuwa kwako. Nilikula au sikula?"

Zamda alijifuta mikono kwa kanga, taratibu.

"Kwangu wapi, baba?"

"Kibandani."

"Kibanda kipi? Kibanda changu kilifungwa kwa mhuri wako. Mie raia mwema. Mtu akisema amekula kwangu, ananisingizia kuvunja amri ya serikali."

"Bi Zamda. Tafadhali."

"Labda umeota, Mwenyekiti. Si ubongo wenyewe mbovu? Daktari kasema."

Watu hawakucheka. Wenye saumu hutunza nguvu. Lakini mabega ya ghala zima yalikuwa yanatikisika.

Mwenyekiti aliniamuru niandike. Niliandika na kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kwamba kibanda cha Zamda hakikufungwa jana wala juzi wala siku yoyote. Kwamba amri iliyosomwa stendi haikuwahi kusomwa. Kwamba kibanda hicho kimekuwa kikitoa chakula kila siku adhuhuri bila kukatika. Na kwamba shahidi wa jambo hilo ni Mwenyekiti mwenyewe, aliyekula humo kila siku tangu mwandamo. Alipiga mhuri akiwa bado na kofia ya nyaya kichwani.

"Sasa nakumbuka," alisema Zamda. "Alikula sahani mbili. Hupenda ukoko."

Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, Kichocheo Sanifu kilibadilishwa hadhi na kuwa chakula. Zamda alituma watoto walete sufuria nzima, wakagawiwa wote waliokuwamo ghalani, Maimuna akapewa wa kwanza. Ilipofika zamu ya Mwenyekiti, Zamda aliupitisha mwiko.

"Wewe chako ulishakula," alisema.

Niliandika taarifa ya mfadhili kabla Desemba haijaisha. Alifurahi. Aliuliza tu kama yupo mgonjwa aliyepewa tiba binafsi ikamfaa, na nilimjibu kwamba yupo mmoja. Shehe Abdalah alikuwa amempangia Mwenyekiti tiba yake: baada ya Idi azilipe siku zote alizokula, moja moja, peke yake, mji mzima ukiwa unakula. Alianza Shawwal. Ilipofika siku ya kumi, kiti chake kiliacha kutoa taarifa. Suruali zake alizipeleka kwa fundi. Kisayansi hayo ni matokeo mazuri kuliko yote tuliyopata.

Utekelezaji unasimamiwa na Zamda. Kibanda chake kiko wazi, benchi limejaa, na kila siku ikifika adhuhuri anamwachia mwanawe mwiko na kuja ofisini kwetu. Anavuta kigoda, anakaa mbele ya meza ya Mwenyekiti, na kumwangalia midomo. Ukaguzi huo huchukua muda kama wa mtu anayekula sahani mbili.